Ethnografia katika huduma za afya Unguja na Pemba: mwongozo kamili kuanzia kibali hadi ripoti

Rejista ya kituo itakwambia wajawazito wangapi walihudhuria mwezi huu na wangapi hawakurudi. Dodoso litakwambia ni asilimia ngapi wanalalamikia umbali. Ukikuta kituo kipo karibu na majumba ya watu na bado wajawazito hawaji, rejista imefika mwisho wa maneno yake. Hapo ndipo inapoanza kazi ya ethnografia: mtafiti anakaa pale pale mambo yanapotokea, anatazama, anasikiliza, anauliza na kuandika, si kwa asubuhi moja bali kwa wiki na miezi.

Njia hii haikuzaliwa hospitalini. Bronisław Malinowski aliijenga katika visiwa vya Trobriand, alikofanya kazi kati ya 1915 na 1918, akishikilia kwamba mtafiti akae na wenyeji na ajue lugha yao. Mtafiti mzaliwa wa hapa lugha anayo tayari. Mtihani wake ni mwengine: anajulikana. Ukishuka daladala Wete, Pemba, kabla hujafika mapokezi ya kituo mtu ameshauliza wewe mtoto wa nani. Hilo hufungua milango upesi na kufunga midomo upesi vilevile, maana mama mwenye maradhi ya siri hamwelezi mtu anayefahamiana na wifi yake. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtafiti wa namna hiyo: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), muuguzi anayejiendeleza, au ofisa wa mradi aliyechoshwa na madodoso.

Hatua ya kwanza: pata swali ambalo dodoso haliliwezi

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho. Chukua kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja ambako wanawake wengi hulima mwani. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Kituo chako cha mfano kinaona wengi wakianza kliniki wamechelewa, na baadhi wakikosa tarehe za katikati.

Swali la "je, elimu ya mama huathiri mahudhurio?" liachie dodoso. Swali la ethnografia huwa hivi: siku ya kliniki inapofika, nini hutokea nyumbani, njiani na kituoni hadi mjamzito anaonwa, au haonwi? Linauliza vipi, linafuata mwendo wa mambo, na halijaamua mapema nani mwenye kosa.

Kisha andika dhana zako pembeni ili uzijue, usije ukaziita matokeo. Kwa mfano: mwani, uliolimwa kibiashara hapa tangu 1989, hufuata bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana hadi shamba la mwani likafikika kwa miguu, na bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kliniki hufuata Jumatatu na Alhamisi za kalenda ya ukutani. Na maji ya bamvua hukupwa sana asubuhi kuelekea adhuhuri, saa zile zile ambazo mapokezi yanaita majina. Dhana ya pili: wapo wanaoficha mimba changa kwa kuchelea jicho, na benchi la kliniki ni mahali pa kutangaza mimba kuliko pahala pengine popote. Huenda zote mbili si kweli kijijini kwako. Kazi yako ni kwenda kuona.

Ukihitaji kiunzi cha kukuongoza, ule mgawanyo wa ucheleweshaji wa aina tatu uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994 bado unafaa: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Utumie kama ramani, usiugeuze kuwa sanduku la kulazimishia kila ukionacho.

Hatua ya pili: vibali, na muhali

Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha maadili cha Bara hakikutoshi. Pendekezo lako litapitia Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHREC, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI. Wajumbe waliozoea majaribio ya dawa watakuuliza sampuli yako ni watu wangapi na fomu ya maswali iko wapi. Wajibu bila kujitetea: eleza utakaa wapi, saa ngapi, utatazama nini na hutatazama nini, utamwomba nani ridhaa na kwa namna gani, na utaacha lini. Ambatisha mwongozo wa kutazama na mwongozo wa mazungumzo, hata kama unajua vitabadilika.

Kutoka hapo barua zinashuka: wizara, kisha uongozi wa hospitali au timu ya afya ya wilaya, kisha mkuu wa kituo. Kwa Pemba usimruke Afisa Mdhamini wa wizara aliyeko huko. Barua ya Unguja pekee itakuweka kwenye kiti cha kusubiri. Kijijini nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kabla ya nyumba yoyote. Hii si karatasi tu, maana sheha ndiye atakayeulizwa "yule anayeandika andika ni nani?", na jibu lake litatembea haraka kuliko lako.

Karatasi zikishakamilika, ridhaa yenyewe bado. Hapa kwetu mtu anaweza kukubali huku hataki, kwa kuona muhali. Umeletwa na sheha, umesalimia kwa adabu, umekaribishwa chai, atakukatalia vipi? Fomu iliyosainiwa kwa muhali ni saini tu. Kwa hiyo mpe njia ya kukataa isiyomvunjia heshima: "Bibi, leo nimekuja kujitambulisha tu. Ukipenda tuzungumze, niambie au mwambie mjukuu wako aniambie. Usiponiambia, mimi na wewe hatuna neno." Asiyekuita amekujibu. Kwa wauguzi jambo hili ni zito zaidi, kwani mkubwa wao wa kazi ameshasema ndiyo kwa niaba yao. Zungumza na kila mmoja peke yake, na umweleze kwamba unayoyaona hayaendi kwa mkuu wa kituo.

Mapokezini huwezi kumsainisha kila anayepita. Weka tangazo fupi la Kiswahili, jitambulishe kila zamu mpya, na uombe ridhaa ya mdomo kila unapotaka kuingia chumba cha daktari au kumfuata mtu. Mwenye uchungu wa kuzaa au maumivu makali hasumbuliwi kwa ridhaa, subiri. Erving Goffman alipofanya utafiti wake maarufu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1955 na 1956, aliingia kwa cheo cha msaidizi wa mambo ya michezo, na ni wakubwa wachache tu walioijua shabaha yake. Alituachia mengi ya maana. Leo mlango ule umefungwa, na mimi naona umefungwa kwa haki.

Hatua ya tatu: chagua utakaa wapi

Usivae koti jeupe. Hata kama wewe ni muuguzi kwa kazi, ukilivaa utaulizwa dawa, utaamkiwa kama daktari na utaelezwa yale anayoelezwa daktari. Usivae pia kama mgeni wa semina. Vaa kama mtu anayemsindikiza ndugu yake.

Kiti chako ni uamuzi wa kitafiti. Ukikaa nyuma ya meza na muuguzi utaona foleni kama anavyoiona yeye: rundo lisilokwisha. Ukikaa benchini utaiona kama wanavyoiona wagonjwa: majina yanayoitwa bila mpangilio unaoeleweka. Unahitaji vyote, ila usihame mara tatu kwa asubuhi moja. Anza benchini siku za mwanzo, kwani aliyezoeleka upande wa meza hupata tabu kurudi benchini, na wagonjwa hawasahau.

Mtafiti mwanamme asijidanganye kwamba ataingia wodi ya wazazi kwa kuwa barua inaruhusu. Awe na mwenzake mwanamke, na huyo mwenzake awe mtafiti kamili mwenye jina kwenye ripoti, si mkalimani wa kuingilia mlangoni.

Hatua ya nne: jifunze kutazama

Siku za mwanzo tazama kila kitu kwa upana: chora ramani ya kituo, benchi, kivuli, bomba la maji, choo, dirisha la dawa, mlango unaofungwa na usiofungwa. Hesabu mambo madogo. Mjamzito mmoja amesimama mara ngapi mbele ya meza ngapi tangu afike hadi aondoke? Jina na shida yake vimetajwa mbele ya masikio mangapi? Stara ni jambo kubwa visiwani, na mahali panapouliza "una tatizo gani?" kwa sauti ya kusikika hadi nje pana habari ya kukupa.

Baadaye bana jicho. Fuata kitu kimoja: kadi ya kliniki kutoka mkononi hadi kwenye rundo hadi kwa muuguzi, sampuli ya damu kutoka chumba hadi maabara, karatasi ya dawa kutoka dirisha la kituo, dawa ikikosekana, hadi duka la dawa la mtaani. Vitu havioni haya, na huonyesha njia ambazo watu husahau kuzisimulia.

Wodini, usiwapite wauguzaji, yaani ndugu wanaokaa na mgonjwa. Wao huleta chakula, humwogesha mgonjwa, hukimbilia dawa, humwamsha muuguzi usiku, hukumbuka dozi. Sehemu kubwa ya uuguzi inapita mikononi mwao na haiandikwi popote. Ukitaka mada ya shahada nzima, ipo hapo.

Panga saa zako zivunje mazoea. Kituo cha saa 3 asubuhi na kituo kile kile saa 8 mchana ni vituo viwili. Nenda Ijumaa kuelekea sala. Nenda Ramadhani, uone tarehe za dawa na saa za futari zinavyosuluhishwa, na wenye sukari na presha wanavyojipangia vidonge vyao bila kumwuliza mtu. Pemba nenda msimu wa karafuu, ambapo mikono inatakiwa mashambani, na walioanguka mikarafuuni hupelekwa hospitali. Nenda masika, njia zikiwa matope. Na kwa mfano wetu, chukua kalenda ya mwezi mwandamo, weka alama siku za bamvua na za maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, halafu uwepo kituoni katika zote mbili.

Watu watabadilika kwa kuwa unawatazama. Wiki ya kwanza muuguzi atakuwa mpole kupita kiasi. Dawa ya hilo ni muda, na kuandika pia hayo mabadiliko: anachokificha mbele ya mgeni ndicho anachojua kwamba hakikubaliki.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni la kuamuliwa kabla hujaingia: ukiona mgonjwa anapewa dawa isiyo yake, au anatukanwa akiwa katika uchungu, utafanya nini? Hatari ya uhai haisubiri utafiti. Sema pale pale, kwa adabu, kwa aliye karibu. Kwa mengine, kubaliana mapema na kamati na uongozi ni yapi utayapeleka mbele na kwa nani, na waambie wauguzi hivyo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya tano: andika siku hiyo hiyo

Utafiti mwingi hufa hapa. Mtu ametazama saa nne, amerudi amechoka, amesema ataandika kesho. Kesho atakumbuka maana ya mambo, si mambo yenyewe.

Kituoni beba daftari dogo na uandike maneno ya kushikia tu: saa, jina la bandia, sentensi moja iliyosemwa. Toka nje kila baada ya muda uongeze. Kuandika mfululizo mbele ya watu huwafanya wahisi wanahojiwa na polisi. Jioni, kabla ya kulala, kunjua maneno yale yawe maelezo kamili. Saa mbili za kutazama zinaweza kukudai saa mbili au zaidi za kuandika, kwa hiyo panga kutazama kidogo kuliko unavyotamani.

Maelezo mabaya ni haya: "Leo kliniki ilikuwa na msongamano. Mjamzito mmoja alikosa subira akaondoka. Muuguzi hakujali." Mambo matatu yamehukumiwa na hakuna hata moja lililoonekana. Maelezo yanayofaa yangekuwa hivi:

"Jumatatu, siku ya bamvua. Saa 3:20. Benchini wanawake 11, wawili wamesimama. Mjamzito mwenye kanga ya buluu (K) anakwenda mezani: 'Sista, zamu yangu bado?' Muuguzi anaandika, hainui macho: 'Kadi yako iko chini, subiri.' K anarudi lakini hakai. Mwenzake anamwambia, 'Maji yashakupwa.' K anacheka kidogo, anajifunga kanga vizuri. Saa 3:45 K hayupo. Kadi yake inaitwa saa 4:10, mara mbili. Muuguzi anaiweka pembeni, anaita inayofuata. [Fikra: kadi hupangwa vipi? Anayekuja mwanzo anakaa juu au chini? Muulize muuguzi. Je, ile kadi ya pembeni huandikwa 'hakuja'?]"

Tazama lile swali la mwisho ndani ya mabano. Kama kweli kadi ile inaandikwa "hakuja", basi rejista inamhesabu mtoro mtu aliyekuwapo kwa muda mrefu. Ungeligundua hilo kwa dodoso gani?

Weka vitu vitatu mbali mbali: ulichokiona na kukisikia, unachokifikiri, na ulivyojisikia. Hicho cha tatu kina kazi. Ukiona umemkasirikia muuguzi fulani siku tatu mfululizo, andika, halafu jiulize ni kwa nini unamtazama yeye tu. Maneno ya watu yaandike kwa lahaja yao. Mpemba akisema Kipemba, usimsanifishe daftarini. Kusanifisha ni kazi ya ripoti, na hata huko ufanye kwa kusita.

Hatua ya sita: zungumza

Mahojiano yaje baada ya kutazama, ili uulize juu ya mambo uliyoyaona. Usianze na "kwa nini hukuja kliniki?" Hilo ni swali la mwalimu kwa mtoro. Sema, "Shangazi, nieleze jana yako tangu alfajiri," na uache njia imfikishe mwenyewe kwenye kliniki, au isimfikishe. Ukitaka zaidi: "Na hapo ikawaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza kunatafuta maneno kuliko swali la pili.

Fuata maradhi, usifuate jengo. Familia ya mtoto mwenye degedege inaweza kupita kwa bibi wa jirani, kwa maalim wa kuandika kombe (aya za Kurani zinazoandikwa sahanini, zikaoshwa na kunywewa), duka la dawa na kituoni, pengine kwa usiku mmoja, na mpango huo una sababu zake. Maeneo mengi ya pwani wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hatari inazidi. Anayeamini hivyo hacheleweshi hospitali kwa uzembe, anamlinda mwanawe. Ukiuliza "je, mlikwenda kwa mganga?" ukiwa umetoka hospitali, utajibiwa hapana. Ukiuliza "mlianzia wapi?" utapewa safari nzima.

Zungumza na wasiokuwapo kituoni: mama mkwe, mume aliyeko dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, mkunga wa jadi, mjitolea wa afya ya jamii anayepita majumbani. Zungumza na mfagizi na mlinzi wa kituo. Hawaulizwi kitu na wanaona kila kitu. Barazani wanaume watakupa maoni ya jumla kwa ufasaha mkubwa. Yapokee, unywe kahawa, ukijua kwamba maneno ya barazani husemwa mbele ya watu.

Nauli rudisha kwa kiwango kimoja kwa wote na kiandikwe kwenye pendekezo. Posho inayotofautiana itazungumzwa kijiji kizima kabla ya magharibi.

Hatua ya saba: chambua tangu wiki ya kwanza

Usisubiri umalize. Kila mwisho wa wiki soma daftari zima, weka alama pembeni kwa maneno mafupi: "kadi", "kusubiri", "maji", "aibu", "kusikika". Alama zikijirudia zikusanye ziwe makundi, na kila kundi liandikie ukurasa mmoja wa fikra. Ukurasa huo ndio utakaokwambia wiki ijayo ukae wapi. Programu ya kompyuta ya kupangia alama hizo kama Taguette ni ya bure na inatosha; NVivo ina mengi zaidi kwa gharama. Hakuna hata moja itakayofikiri kwa niaba yako.

Linganisha vyanzo: nilichokiona, nilichoambiwa, kilichoandikwa kwenye rejista. Vikipingana usikimbilie kuuliza kipi cha kweli. Muuguzi anaposema "tunaanza saa 2 kamili", rejista inasema saa 2, na wewe umeona saa 3:10 mara kwa mara, pengo hilo lina mwenyewe: upungufu wa watumishi, usafiri, ripoti inayotakiwa wilayani kabla ya yote.

Halafu tafuta kinachokupinga. Ukishaamini kwamba ni bamvua, watafute wakulima wa mwani wasiokosa kliniki hata siku moja. Wana nini? Dada wa kuwashikia shamba? Wanafahamiana na muuguzi? Pengine utakuta maji si sababu peke yake, ila ni sababu kwa yule ambaye kadi yake iko chini siku zote.

Utajua umetosheka pale siku mpya zinapokupa mifano mipya ya mambo unayoyajua tayari. Huo si wakati wa kuongeza mahojiano kwa ajili ya idadi.

Hatua ya nane: ficha watu, katika kisiwa kidogo

Vitabu vingi vinasema badilisha majina. Hapa haitoshi hata kidogo. Ukiandika "muuguzi mwanamme wa zamu ya usiku katika kituo cha kijiji cha wavuvi, Micheweni", umeshataja jina lake na la baba yake. Watu watasoma, watajumlisha, na kufika jioni watakuwa wameshaambizana.

Kwa hiyo ficha na kituo, si mtu peke yake. Ikibidi taja wilaya au kisiwa tu. Changanya sifa zisizobeba hoja: umri, idadi ya watoto, kazi ya mume. Mgawe mtu mmoja awe wawili ikiwa maneno yake mengi yanamfichua, na useme katika sehemu ya njia za utafiti kwamba umefanya hivyo. Nukuu yenye msemo ambao mtu anajulikana nao, iache, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Mambo machache hayataandikwa kabisa. Orodha inayounganisha majina ya kweli na ya bandia ikae mbali na madaftari, na sauti zilizorekodiwa zifutwe tarehe uliyoiahidi kamati.

Hatua ya tisa: rudisha

Kabla ya kuandika ripoti ya mwisho, rudi kwa uliowatazama, kila kundi kwa wakati wake. Wauguzi kwanza, peke yao, ili wasisikie habari zao mbele ya mabosi. Wasomee hoja, si majina, na uulize: hapa nimekosea wapi? Watakusahihisha juu ya mambo ambayo kiti chako hakikukuonyesha. Wanawake wa kijiji nao wakutane mahali pao na saa yao, na katika mfano wetu hiyo maana yake ni wakati wa maji mafu.

Wizara na wilaya zinahitaji kurasa mbili au tatu zenye jambo la kufanyika: kadi zipangwe kwa namba za kufika, siku moja ya kliniki ihamishiwe mchana katika wiki za bamvua, jina na shida visitajwe mezani. Tasnifu ndefu waandikie wasimamizi wako. Barua fupi ya shukrani na matokeo mpelekee sheha kwa mkono, maana mtafiti atakayefuata ataanzia kwake.